Akili, hisia na dini kwenye siasa zetu: nani afanye kazi gani?

1/ Uzi mrefu kidogo, shika chai. Kila msimu wa siasa ukianza kuna sentensi mbili lazima uzisikie. Ya kwanza: "Wakenya, acheni hisia, tumieni akili." Ya pili: "Dini na siasa zisichanganywe." Zote zinapendeza sikioni. Shida ni kwamba hata wanaozisema hawazifuati, na mimi, baada ya miaka mitatu ya kusomea sayansi ya siasa, nimeanza kuamini hazifuatiki. Kama kawaida hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukimwona mtu wako kwenye mfano, hayo ni macho yako, si mimi.

2/ Kwa nini hii maneno inanisumbua? Agosti 2022 nilipiga kura mara yangu ya kwanza. Wiki mbili kabla, kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, mjomba aliandika kwamba Mkristo wa kweli hawezi kupigia "ule upande mwingine". Mama alikuwa wa ule upande mwingine. Na mama ndiye dada mkubwa, ndiye aliyekuwa akimshika mjomba mkono kumpeleka kanisani wakiwa watoto. Alijibu kwa ukali, akajitoa kwenye kikundi. Karibu mwaka mzima hawakupigiana simu. Tulikutana tena wote pamoja kwenye matanga ya nyanya. Nitarudi hapo mwishoni.

3/ Nilipojaribu kukumbuka ule ugomvi ulihusu nini hasa, sikupata sera hata moja. Hakuna aliyetaja ushuru, karo, bei ya mbolea wala hospitali. Kulikuwa na aya za Biblia, picha za umati, na "mtajua hamjui". Sasa, shida ilikuwa hisia? Ilikuwa dini? Ama kitu kingine? Jibu langu nalitoa mapema ili usichoke njiani: akili, hisia na dini, kila mojawapo ina kazi yake halali kwenye siasa. Mambo huharibika moja ikipewa kazi ya nyingine.

4/ Tuanze na mzee wa zamani. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle alifundisha kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: kwa hoja yenyewe, kwa hisia anazoamsha, na kwa tabia yake, yaani kama anaonekana mtu wa kuaminika. Hakusema hisia ni takataka. Alichambua kwa kina hasira, hofu, huruma na aibu, kwa sababu alijua binadamu haamui kama kikokotoo.

5/ Kwa lugha ya kwetu naiweka hivi. Hisia hukuambia kitu gani kina maana kwako. Akili hukuangalizia kama ulichoambiwa ni kweli, na kama kitafanya kazi. Dini, kwa anayeamini, humwambia lipi ni jema na ana wajibu gani kwa wenzake. Mtu asiye na dini pia ana kitu kinachofanya kazi hiyo ya tatu, awe anakiita utu, haki ama malezi. Hakuna anayeenda debeni na moja tu.

6/ Mfano ambao wengi wetu tuliushuhudia: Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate, na ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Kilichowatoa watu nyumbani ni hasira, tuseme ukweli. Lakini hasira haikuja mikono mitupu. Watu walisoma mswada, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauchambua kifungu kwa kifungu kwenye video za dakika mbili. Mapendekezo ya mkate na gari yaliondolewa kabla hata ya Juni 25. Juni 26 Rais akatangaza hatautia sahihi mswada wote. Na gharama yake tunaijua: kuna vijana walizikwa.

7/ Kwa hivyo mtu akikuambia Juni ile ilikuwa hisia tupu, muulize nani alikuwa akisoma vile vifungu. Akikuambia ilikuwa akili tupu, muulize ni nani hukesha akisoma mswada wa fedha bila kuwa na hasira. Hisia iliwasha, akili ikashika usukani. Hapo kila mmoja alikuwa kwenye kazi yake.

8/ Sasa upande wa pili wa hisia. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jonathan Haidt, kwenye kitabu chake cha 2012, The Righteous Mind, anafananisha akili na mtu aliyempanda ndovu. Ndovu ndiye hisia zetu za haraka. Tunadhani mpandaji ndiye anayeongoza, lakini mara nyingi ndovu anaenda anakotaka, kisha mpandaji anatafuta maneno ya kueleza kwa nini huko ndiko alikotaka kwenda.

9/ Ukiongeza vyama hapo, inakuwa mbaya zaidi. Chama kinaanza kama kundi la watu wenye sera fulani, kinaishia kuwa timu ya mpira. Na shabiki wa timu haangalii refa kwa haki. Akili inageuka wakili wa kukodiwa: haitafuti ukweli, inatafuta jinsi ya kumtetea mteja. Angalia bei ya mafuta. Ikipanda upande wetu ukiwa serikalini, "ni bei ya dunia". Ikipanda upande wao ukiwa serikalini, "ni wizi". Pampu ni ileile. Na usicheke wenzako, pande zote zimewahi kusema zote mbili.

10/ Mimi mwenyewe sijapona huu ugonjwa. Mwaka huohuo wa 2022 nilisambaza picha ya umati mkubwa, nikaandika "wimbi". Mwenzangu wa darasani akanionyesha jengo lililoko nyuma: haukuwa mji ule kabisa. Unajua nilijibu nini? "Hata hivyo ni kweli walijaa." Nikaifuta kesho yake, nikiwa nimenuna. Picha ilikuwa ya uongo na nilijua ni ya uongo, lakini ilikuwa ya uongo upande wangu. Nikaona si mbaya sana.

11/ Haya, dini. Kwanza sheria, kwa sababu watu huirusha bila kuisoma. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani. Kifungu cha 91 kinakataza chama cha kisiasa kuundwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia ama eneo. Lakini Katiba hiyohiyo, kwenye utangulizi wake, inamtambua Mwenyezi Mungu. Kwa hivyo sheria yetu haimfukuzi Mungu hadharani. Inachokataza ni serikali ama chama kumsajili kama mali yake.

12/ Na ingekuwa ajabu kumfukuza. Kwenye sensa ya 2019, karibu asilimia 85 ya Wakenya walijiita Wakristo, na karibu 11 Waislamu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "acha dini nyumbani ukienda kupiga kura", unamwambia aache nyumbani kipimo chake cha haki. Hataacha. Ataificha tu.

13/ Historia inatuonyesha dini ikifanya kazi nzuri sana. Miaka ya themanini, nchi ikiwa ya chama kimoja kisheria, ilikuja kura ya mlolongo: unasimama nyuma ya mgombea ama wakala wake, kila mtu akuone. Kwenye mchujo wa 1988, aliyepita asilimia 70 hakuhitaji hata kura ya siri. Nani alipinga mapema na kwa sauti? Wachungaji na Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK. Walisema mchungaji hawezi kupanga foleni nyuma ya mtu mmoja kisha Jumapili awahubirie waliosimama nyuma ya mwingine.

14/ Majina kama Henry Okullu, David Gitari, Timothy Njoya na Alexander Muge yanatoka enzi hizo. Askofu Muge alionywa hadharani na waziri asikanyage Busia. Alienda, na Agosti 1990, akirudi, akafa kwenye ajali ya barabarani. Julai 7, 1997, polisi waliingia kanisa kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga watu waliokuwa ndani. Baadaye viongozi wa dini mbalimbali, Waislamu na Wahindu wakiwemo, wakakaa pamoja Ufungamano kusukuma katiba mpya. Ukisema dini haina kazi kwenye siasa, unafuta sura nzima ya uhuru unaoutumia kunijibu hapa.

15/ Lakini madhabahu hayohayo yalituangusha 2007. Baadhi ya viongozi wa dini waligawanyika kama wafuasi wa vyama. Huyu anaombea huyu, yule anatabiri ushindi wa yule. Ghasia zilipozuka, watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa watu wakiwa wamejificha ndani, wengi wakiwa wanawake na watoto. Mwaka huohuo viongozi wa NCCK wakakiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea pande. Sauti iliyopaswa kutuliza ilikuwa haina nguvu tena, kwa sababu kila upande ulishajua askofu gani ni wao.

16/ Tofauti ya 1988 na 2007 ni nini, na yote ni makanisa? Mimi naiona hivi. Kwenye mlolongo walizungumzia kanuni: kura iwe ya siri, hata kama mshindi atakuwa yuleyule. Kanuni hiyo inamlinda mpinzani wako pia. Kwenye 2007 wengi walizungumzia mtu: Mungu amemchagua fulani. Hilo la pili huwezi kulijibu kwa hoja. Ukilipinga, hupingani na mgombea tena, unapingana na Mungu. Mjadala umefungwa na funguo zimetupwa.

17/ Kesi ninayopenda kuwapa wenzangu ni kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010. Viongozi wengi wa makanisa walisimama upande wa La kwa sababu mbili kubwa: Mahakama za Kadhi na kifungu cha 26 kuhusu utoaji mimba. Joto lilikuwa jingi. Juni mwaka huo milipuko ilitokea kwenye mkutano wa maombi wa upande wa La, Uhuru Park, na watu wakafa. Mwishowe Ndio ikashinda kwa zaidi ya theluthi mbili. Ukichambua maneno ya kampeni ile, unapata aina tatu za madai yaliyochanganywa kama githeri.

18/ Aina ya kwanza, dai la ukweli: "Mahakama za Kadhi zitaifanya Kenya nchi ya Kiislamu." Hili linachunguzika. Mahakama hizo zimo kwenye Katiba tangu uhuru, kutokana na makubaliano ya Oktoba 1963 kuhusu ukanda wa Pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Na kifungu cha 170 kimezifunga kwenye hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kupelekwa huko. Miaka zaidi ya kumi na tano imepita. Mkristo wa Nyeri hajaitwa na Kadhi.

19/ Aina ya pili, dai la thamani: "Si haki dini moja kuwa na mahakama ndani ya Katiba na nyingine zisiwe nazo." Hili si ujinga hata kidogo. Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikubaliana na hoja ya namna hiyo kuhusu Katiba iliyokuwepo wakati huo. Unaweza kulijibu kwa historia ya Pwani ama kwa haki za walio wachache, lakini lazima ulijibu. Wengi wa upande wa Ndio hawakulijibu. Waliwaita wenzao maadui wa maendeleo, wakasonga. Hiyo pia ni hisia iliyovaa koti la akili.

20/ Hata lile la utoaji mimba lilikuwa na sehemu mbili. Kifungu cha 26 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha kinakataza utoaji mimba isipokuwa mtaalamu wa afya akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, uhai ama afya ya mama iko hatarini, ama sheria nyingine ikiruhusu. Kama unaona neno "afya" ni pana mno, hapo tuna mjadala wa kweli wa thamani na wa sheria. Kama ulisema Katiba imeruhusu kila mtu atoe mimba apendavyo, hukuwa umesoma.

21/ Aina ya tatu ndiyo sumu, dai la utambulisho: "Ukipiga Ndio wewe si Mkristo." Ama kinyume chake. Hili halisemi lolote kuhusu Katiba. Linasema kuhusu wewe, kama bado uko ndani ya boma ama umetoka. Na binadamu anaogopa kutolewa nje kuliko anavyoogopa kukosea. Ndiyo maana dai hili hufanya kazi haraka sana. Ndilo ambalo mjomba alimrushia mama.

22/ Tuongee pesa kidogo, maana dini haiingizwi kwenye vyama kwa mahubiri tu. Kanisani kwetu mheshimiwa alikuja na bahasha ya mabati. Akapewa mikrofoni baada ya sadaka, akaongea nusu saa, tukapiga makofi, tukasimama kwa maombi. Nilikuwa na swali kuhusu basari za wadi, na sikuuliza. Utamuulizaje mtu ambaye paa juu ya kichwa chako ni lake? Hapo nilielewa kwamba bahasha hainunui kura moja kwa moja. Inanunua kimya.

23/ Viongozi wengine wa dini wameliona hili. Septemba 2021 Kanisa la Kianglikana lilitangaza wanasiasa hawatahutubia tena kutoka kwenye mimbari. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango uliotolewa parokiani na kiongozi wa kisiasa. Kuna waliosema ni siasa pia. Mimi nasema mheshimiwa aje aabudu kama sisi, akae kwenye benchi, atoe sadaka yake kwenye kikapu kama mama mboga. Akitaka kuhutubia, uwanja upo, na uwanjani tunaruhusiwa kuuliza.

24/ Sasa vifaa vya kubeba nyumbani. Ukikutana na dai la kisiasa, uliza maswali matatu.
Moja: hili ni dai la ukweli, la thamani ama la utambulisho? La ukweli, tafuta hati. La thamani, jadili. La utambulisho, usilijibu, rudisha mazungumzo kwenye jambo lenyewe.
Mbili: ningesema nini kama upande ule mwingine ndio uliofanya hivi? Badilisha jina, usibadilishe kipimo.
Tatu: naweza kumweleza jirani wa dini nyingine hoja hii, akaielewa hata asipokubali?

25/ Hilo la tatu linaudhi baadhi ya waumini, wanaona kama nawaambia waifiche imani. Hapana. Sema "naamini Mungu anachukia dhuluma". Kisha ongeza sababu ambayo asiyesali nawe anaweza kuipima: pesa hizi zilitengewa zahanati, zahanati haina dawa, hati hii hapa. Waliopinga mlolongo walifanya hivyohivyo. Walikuwa na imani yao, na pia walikuwa na hoja ambayo hata asiyeingia kanisani angeielewa.

26/ Na wale wanaojiita watu wa akili, msinikimbie. Takwimu nazo hutumiwa kunyamazisha. Mtu anakulilia kwamba unga umepanda, unamjibu "huelewi uchumi". Pengine hajui fomula, lakini anaijua sufuria yake. Hisia yake ni taarifa. Kazi ya akili ni kuifuatilia, si kuicheka.

27/ Nirudi kwenye matanga ya nyanya. Usiku wa pili, watu wamepungua, nilimkuta mjomba kwenye moto nje. Nikamuuliza, "Mjomba, ile siku ulipoandika yale maneno, ulikuwa unaogopa nini?" Alinyamaza kwanza. Kisha akaniambia duka lilikuwa na deni, wateja wamekauka, na aliamini upande wake ukishindwa hatapata hata mkopo, atashindwa kulipia binti yake karo. Kesho yake nikamuuliza mama jikoni swali lilelile. Akasema aliogopa basari ya mdogo wangu itakatwa na kijana arudi nyumbani.

28/ Karo. Wote wawili walikuwa wanalilia karo, na haikuandikwa hata mara moja kwenye kile kikundi. Kulikuwa na swali la kweli, lenye majibu yanayochunguzika: basari zinatoka wapi, nani anazigawa, nani amekosa na kwa nini. Wangeweza kwenda pamoja kuliuliza. Badala yake mmoja akaambiwa si Mkristo na mwingine akaitwa mpumbavu. Mama amerudi kwenye kikundi sasa. Wanasalimiana. Siasa bado hawaigusi, na sijui kama hiyo ni amani ama ni kuogopana.

29/ Agosti 2027 si mbali, na zile jumbe za "Mkristo wa kweli" na "Mwislamu wa kweli" zishaanza kuzunguka. Ombi langu kwa anayesoma hapa ni dogo. Kwenye majibu, weka dai moja la upande WAKO, si wa jirani, ambalo ulilichunguza ukakuta si kweli. Nimeanza mimi na ile picha ya umati. Wewe?